Dazeni ya Kasha la Tatu

Wenzangu wa jumuiya, tangu nirudi mmenisimamisha kanisani, sokoni na hata kwenye foleni ya maji, mkiuliza kilichompeleka Uingereza mwanamke wa umri wangu, na kwa nini kucha zangu zilirudi na madoa ya kutu. Kumweleza kila mmoja peke yake nimeshindwa, kwa hiyo naandika mara moja, msomeane. Mambo ya viza, tiketi na fomu nimeyaruka. Aliyewahi kuyapitia anayajua, na ambaye bado hayatamfaa kitu hapa.

Morogoro hadi Dar es Salaam

Mnajua kwamba kabla ya kustaafu nilitunza stoo ya silaha jeshini kwa miaka ishirini na minne. Mdogo wangu Damian, aliyefariki Birmingham mwaka jana, alikuwa akinitembelea kambini akiwa kijana na kusikiliza maelezo yangu kuliko askari wenyewe. Alipohamia Uingereza akafanya kazi ya kuendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani, na Jumapili baada ya kanisa alizunguka kwenye masoko ya vitu vikuukuu. Huko alinunua magazini na makasha yake. Bunduki hakuwahi kumiliki hata moja.

Nieleze kwa wasiojua. Magazini ni kile chombo cha chuma kinachobeba risasi na kuchomekwa kwenye bunduki. Jeshi likiacha kutumia aina fulani ya bunduki, magazini zake huuzwa tupu, na wapo watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Damian alipenda za bren, ile bunduki ya rashasha ya Vita vya Pili. Zimepinda kama ndizi, kwa sababu risasi zake zina ukingo kwenye kitako na zikipangwa safu yake hupinda yenyewe. Kumi na mbili hukaa wima ndani ya kasha moja la bati nene la kijani, kila moja kwenye chumba chake. Alikuwa na makasha matano.

Mkewe, wifi yangu Salome, alinipigia simu. "Wifi, kuna mzee anataka kuyanunua yote. Mimi sijui kama ananipa bei au ananipa pole."

Kaburi la Damian lilikuwa bado na msalaba wa mbao tu. Kule ardhi huachwa itulie kwa miezi kadhaa kabla ya kuweka jiwe, na miezi hiyo ilikuwa imepita. Salome alitaka jiwe lisimame kabla ya misa ya mwaka. Makasha yakiwa na thamani, lingesimama. Yasipokuwa nayo, lingesubiri, na kwa mshahara wake wa kutunza wazee hakuona kusubiri huko kungeishia wapi.

Basi nikapanda treni kwenda Dar nikiwa na sanduku moja la nguo, dagaa wa Nyasa waliokaushwa vizuri, na mkobani kipimo changu cha unene, lenzi na brashi laini. Uwanja wa ndege kijana wa ukaguzi alikifungua na kukifunga kile kipimo mara nne.

"Mama, hiki cha nini?"

"Cha kupimia unene wa bati."

"Unaenda Ulaya kupima mabati?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akamwita mwenzake aje wacheke wote wawili, kisha akanirudishia. Habari ya dagaa hakuuliza.

Basi lililozima njiani

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege nilikaa kwa saa tisa. Nilikula karanga zangu za kuchemsha na kutazama watu wakilala sakafuni wamevaa viatu vya bei. Safari ya pili ya ndege sina la kuisemea, nililala.

Kutoka uwanja wa London nilipanda basi la kwenda Birmingham. Lilizima katikati ya barabara kuu, likasogezwa pembeni, na dereva akatangaza jambo ambalo abiria wote walilipokea kimya kabisa. Kwetu watu wangeshuka, wangemzunguka dereva, kila mmoja angekuwa fundi. Pale walitoa simu wakaangalia vioo vyake. Nilidhani wametangaziwa kwamba tunaondoka sasa hivi, nikafunga vifungo vya koti. Kumbe alisema basi lingine litakuja baada ya saa mbili.

Aliyenieleza ni mwanamume wa kiti cha nyuma, Mkongo wa Bukavu, aliyenisikia nikisali kwa sauti ndogo.

"Mama, weye unatoka Tanzania? Kiswahili yako inajulikana."

"Natoka Morogoro."

"Basi usisikie woga. Hapa bisi ikikufa, hakuna mutu anakasirika. Wanakasirika wakifika nyumbani." Akafungua mfuko wa maandazi madogo ya mviringo. "Ukule. Chakula ni ya watu."

Tulikula tukaongea hadi basi la pili lilipokuja. Alipofika kuniuliza ninakwenda kufanya nini, nikamweleza habari ya magazini. Alisema yeye aliziona nyingi utotoni, na hakuna hata moja iliyokuwa tupu. Alinipa andazi lingine, na tuliposhuka akanibebea sanduku mpaka mlangoni pa kituo alipokuwa amesimama wifi.

Castle Vale

"Wifi! Umekonda, au ndege imekukamua?"

"Ndege. Na wewe umenenepa, au ni sweta?"

"Ni sweta, na usiulize tena."

Salome anaishi Castle Vale, mtaa wa nyumba zilizojengwa baada ya vita mahali palipokuwa uwanja wa ndege. Ni tambarare kabisa, upepo unapita bila kuomba njia. Tulikula ugali na wale dagaa huku madirisha yamefunguliwa kwa ajili ya harufu, na sisi tumevaa makoti kwa ajili ya madirisha. Akanionyesha chumba cha nyuma. Makasha matano yalikuwa ukutani, yamepangwa juu kwa juu.

"Kesho nina shifti ya asubuhi," alisema. "Wewe pumzika. Nikirudi tutakaa tuyaangalie pamoja."

Hapa ndipo nilipokosea, na nitaeleza kosa lenyewe bila kulipunguza.

Niliamka alfajiri, mwili ukiwa bado na saa za kwetu. Wifi alikuwa ameshatoka. Nikatandika magazeti sakafuni, nikafungua makasha yote, nikatoa magazini zote sitini. Nilifanya kama nilivyofanya kila mwezi kwa miaka ishirini na minne. Nzuri zikae na nzuri, za wastani na za wastani, mbovu na mbovu. Kisha nikazirudisha kwa mpangilio huo, kasha la kwanza zile bora, la tano zile zilizobonyea. Stoo ikikaguliwa hivyo, afisa anatia saini na kwenda kunywa chai. Saa sita mchana nilikuwa nimemaliza, nimeridhika, nimepika na wali.

Salome alirudi, akasimama mlangoni pa kile chumba bila kuvua koti.

"Wifi, hili la tatu ulilikuta limejaa?"

"Yote yalikuwa yamejaa."

"Sasa zake ziko wapi?"

Akatoa kwenye mtoto wa meza daftari la Damian. Ukurasa mmoja ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake mnene: kasha la tatu limetoka nyumbani kwa mjane wa askari, magazini zake kumi na mbili hazijatolewa tangu zilipofungwa, lisiguswe mpaka mnunuzi alione mwenyewe. Manne mengine alikuwa ameyajaza yeye, moja moja, kutoka meza tofauti za sokoni.

Niliyatazama makasha matano yaliyokaa kama gwaride.

Siku tatu sakafuni

Kosa hili linahitaji maelezo, maana mtu anaweza kusema magazini ni magazini, kumi na mbili ni kumi na mbili. Stooni ndivyo ilivyo. Mhitaji wa stoo anataka kitu kitakachofanya kazi. Anayekusanya vitu vya kale anataka kitu ambacho hakikuchezewa. Kasha lenye magazini kumi na mbili zilizofungwa pamoja tangu jeshini ni kitu kimoja. Kasha lenye kumi na mbili zilizookotwa huku na huku, hata ziwe zinang'aa, ni kitu kingine, na bei yake ni ya chini sana. Mimi nililigeuza la kwanza kuwa la pili kwa asubuhi moja.

Salome hakunigombeza. Alikula wali, akaosha sahani, akaniuliza swali moja tu: "Zinaweza kurudi?"

"Nipe siku tatu," nikasema. Mnunuzi alikuwa anatusubiri siku ya nne.

Yeyote anaweza kujifunza kazi hii, kwa hiyo fuateni taratibu. Kwanza niliangalia alama zilizogongwa kwenye bati. Kila kiwanda kilikuwa na herufi zake. Magazini nyingine zina mwaka, nyingine hazina. Msizisugue alama hizo ili zisomeke. Wekeni tochi pembeni, mwanga upite ukilala juu ya bati, na herufi zitainuka zenyewe. Alama ziliniondolea magazini ishirini na tatu, kwa sababu zilikuwa za viwanda ambavyo Damian alivitaja kwenye kurasa za makasha mengine.

Pili, rangi. Mtu akilipaka kasha upya, hupaka panapoonekana. Angalieni chini ya komeo na ndani ya bawaba. Kasha la tatu lilikuwa na kijani kilekile kila mahali, kimepauka nje na kibichi bawabani. Hiyo ilikuwa rangi yake ya kuzaliwa, na angalau hilo sikuweza kuliharibu.

Tatu, midomo ya magazini, pale risasi zinapotokea. Ikipinda hata kidogo bei inashuka. Halafu springi: bonyeza kile kibati cha ndani kwa kidole, kishuke na kurudi bila kukwama. Damian alikuwa hodari, nyingi zilirudi vizuri. Lakini uzima wa springi hauonyeshi magazini ilikuwa inakaa wapi.

Kilichoniokoa ni kutu. Tena kutu ya juu, ile nyekundu isiyokula chuma. Kuta za vyumba vya lile kasha zilikuwa na madoa, na kila doa lilikuwa limevuka kutoka ukutani hadi kwenye magazini iliyougusa kwa miaka yote ile. Ni kama karatasi iliyolowa wino ikachanwa vipande viwili. Ukiirudisha mahali pake, doa linakuwa zima tena. Nikapiga magoti na lenzi, nikachukua magazini moja, nikaijaribu chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Ya kwanza ilikubali saa nne asubuhi. Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta.

Salome akirudi kazini alikuwa anavua viatu na kuja kukaa karibu yangu. Siku ya pili alianza kujaribu mwenyewe, na macho yake ni mazuri kuliko yangu.

"Hii hapa, wifi. Angalia hili doa lenye mkia."

"Umeona vizuri. Igeuze kidogo. Hapo. Sasa ibonyeze polepole, usiisukume."

"Miaka yote hiyo alikuwa ananiita nije nione, nikamwambia napika."

"Alikuwa ananiita na mimi, kwa simu."

Kufikia jioni ya siku ya tatu vyumba kumi vilikuwa na wenyewe. Viwili vilibaki. Kuta zake zilikuwa kavu, hazina doa, na baada ya kuondoa zenye madoa yasiyolingana na kasha hili, zilibaki magazini tano safi ambazo yoyote kati ya hizo ingeweza kuwa ya vyumba hivyo. Nilizipima kwa kipimo. Zilikuwa sawasawa.

Handsworth

Siku ya nne mwenye gari alikuja kutuchukua, akatupitisha kwanza kwake Handsworth. Ni Wanjiku, Mkenya anayefanya kazi na Salome. Barabara ya Soho ilikuwa na mabasi yamefuatana, na madukani niliona mihogo, ndizi za kupika, bamia, na vilemba vya kila rangi. Wanjiku alitupa chai ya maziwa na chapati kabla hajakubali kusikia habari yoyote. Makasha yalikuwa yameshapakiwa kwenye gari lake tangu Castle Vale, nasi tumefunika kwa kitenge.

"Mathe, hizo vitu ni nzito aje!" aliniambia. "Mgongo yangu imekataa kabisa. Hiyo ni chuma ama ni dhambi za watu?"

Alipoingia kuchukua funguo, Salome alinisogelea.

"Wifi, katika zile tano weka mbili zozote nzuri. Nani atajua?"

"Nimeshaziweka, ili zisipotee njiani."

"Basi ziache humohumo. Ukimwambia, atapunguza. Ni mbili tu kati ya kumi na mbili."

Sikumjibu, na nadhani alichukua ukimya wangu kuwa kukubali.

Longbridge

Mnunuzi alikuwa mzee anayeitwa Terry. Aliunganisha milango ya magari kwenye kiwanda kilichokuwa Longbridge, mpaka kiwanda kikafungwa, na siku hizi mahali pake pana maduka na nyumba. Alitupokea na chai nyepesi na biskuti, moja kwa kila mtu. Wanjiku alibaki garini na simu yake.

Kiingereza changu ni cha kozi za jeshini, nasikia zaidi ya ninavyosema, kwa hiyo Salome ndiye aliyekuwa mkalimani. Makasha manne Terry aliyapitia haraka na kutaja bei ya kawaida, ya haki. Kwenye la tatu alivaa miwani. Aligusa bawaba, akanusa ndani, akapitisha kidole juu ya magazini bila kuzitoa. Akasema amelitafuta kasha kama hili kwa miaka mingi, lenye dazeni yake. Akataja bei. Salome alivuta pumzi ikasikika. Terry akachukua kalamu.

"Wifi," nikasema, "mwambie kwamba zilitolewa. Nilizitoa mimi kwa kutojua. Kumi nimezirudisha mahali pake kwa ushahidi wa kutu. Mbili sina hakika nazo."

Salome alimtazama Terry akatabasamu. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba wifi yake anashukuru, na anaona mzee ni mtu anayejua kazi.

"Salome, sivyo nilivyosema."

"Najua ulivyosema."

"Basi mwambie."

"Mwambie mwenyewe." Chini ya meza mguu wake ulikuwa juu ya wangu, naye hakuuondoa.

Terry alikuwa anatutazama kwa zamu, kalamu hewani. Maneno ya Kiingereza yalinikimbia yote. Nikainuka, nikazitoa zile magazini mbili, chumba cha nne na cha kumi na moja, nikazilaza mezani mbali na kasha, karibu na sahani ya biskuti. Kisha nikajigusa kifua.

Alielewa. Aliweka kalamu chini. Halafu akaomba nimwonyeshe zilizobaki. Nikampa lenzi, nikatoa moja, nikamwonyesha doa ukutani na doa kwenye bati, nikairudisha. Alizikagua zote kumi namna hiyo, na ilichukua zaidi ya saa. Mwisho akasema kumi anazikubali. Lakini kasha lililoguswa si kasha ambalo halijaguswa, na hawezi kulilipia kama halijaguswa. Bei aliyoitaja safari hii Salome hakuivutia pumzi. Tulimkubalia.

Garini Wanjiku alitutazama kwenye kioo akazima redio.

"Wifi," Salome akasema baada ya kitambo, akiangalia nje, "umenipunguzia jiwe."

"Ndiyo," nikasema. "Tangu asubuhi ile ya kwanza."

Wanjiku akawasha redio tena.

Kwa mchonga mawe

Kesho yake tulikwenda kwa mchonga mawe. Nilidhani atanikataza kwenda, lakini alinisubiri mlangoni ameshika koti langu. Hela ilitosha jiwe la kijivu, dogo kidogo kuliko lile alilokuwa amelichagua. Shida ilikuwa maneno. Kule bei ya jiwe inabeba herufi kadhaa, na zikizidi unalipia kila moja. Salome alikuwa na karatasi yake: *Damian Komba, mume mpendwa wa Salome, pumzika kwa amani.* Mchonga mawe, mama mmoja mwenye vumbi kwenye nyusi, alizihesabu kwa ncha ya penseli, kwa heshima, bila kujua hata neno moja lilimaanisha nini. Akasema zimezidi saba.

Nikasema tutoe jina la ukoo, anayekwenda pale anamjua. Salome akakataa, kule watu wana majina mengi na makaburi mengi. Nikasema basi mimi nitalipia hizo saba kwa nilichobakiza cha safari. Akakataa tena, mara hii hakuwa na hasira. Alichukua penseli kutoka mkononi mwa yule mama akainama juu ya karatasi.

"Natoa *mpendwa*."

"Wifi, hilo ndilo neno lenyewe."

"Natoa hilohilo," akasema, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka. "Hilo analijua."